Mume Wangu Anataka Nipande Naye Ndege Iliyomwangusha

Mama Yudaya mpendwa,

Nakuomba unisikilize mpaka mwisho, maana hili neno siwezi kulipeleka kwa wenzangu wa kanisa, watasema namuaibisha bwana yangu. Sisi ni Wakongomani wa Kivu ya Kusini, tunaishi mu kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na batoto batatu, tunalima mahindi na maharagi, na bwana yangu Anselme anafanya kazi Endiinzi kwa mufugaji mukubwa anaitwa Naboth, ambaye alinunua kwa Mzungu mumoja kandege kadogo ka watu wawili, bawa la kitambaa juu, viti viwili wazi, moteri nyuma, na yule Mzungu mbele ya kurudi kwao alimufundisha Anselme kukarusha, kwa sababu huko kwetu alikuwa fundi wa pikipiki.

Kazi yake ni kutafuta ng'ombe waliopotea, na anaruka chini sana, karibu kugusa miti, ili yeye na mwenzake wa nyuma wawaone vizuri. Mwaka jana nilikuwa nimemupelekea chakula, nikasimama na wake za wachungaji wa ng'ombe tukiwaangalia, yeye mbele na Hakim mchungaji nyuma, mara moteri ikakohoa, ikanyamaza. Mama, ule ukimya sijausahau. Sikupata hata nafasi ya kuita jina la Mungu, wakawa wameshaanguka mu mafunjo kando ya ziwa. Anselme alivunjika bega, Hakim mguu, na mpaka leo anatembea na fimbo. Walikuta maji mu mafuta.

Sasa kandege kametengenezwa, na Jumamosi ijayo Daphine, binti ya Naboth, anaolewa Mbarara, karamu itakuwa Kakoba, mtaa wa mjini hapo, na baba yake anataka ndege ipite chini juu ya wageni ikimwaga maua. Hakim alikataa kabisa kupanda tena kumwaga hayo maua. Ndipo Anselme akaniambia, "Mama Parfait, wewe ndiye utakaa nyuma."

Nikamuuliza, "Na moteri ikizima?"

"Haitazima. Nimeisafisha mwenyewe."

Nikasema naogopa. Akasema, "Hapa chini mimi ni mukimbizi wa kupanga mulongo nikingoja posho. Kule juu watu wanainua vichwa kuniangalia. Na wewe pia huniamini?"

Nikipanda, nani atabaki na batoto? Nikikataa, nitakuwa nimemuvunja. Nifanye nini?

Mama Parfait, Nakivale

*

Mama Parfait, pole sana dada yangu. Usipande. Mengine yote yanafuata baada ya hilo.

Mimi ni mjane wa mwanajeshi, nimekaa miaka mingi kambini hapa Mbarara, na wanaume wanaoona haya kusema "naogopa" nawajua vizuri. Mumeo si mtu mbaya. Anatafuta heshima. Lakini kukuweka kwenye kiti kilichomvunja Hakim mguu ili uonyeshe mapenzi, hapo amekosa.

Nawe nakulaumu kidogo. Umeandika habari za bega lake na heshima yake. Je, wageni wa harusi? Kakoba hakuna mafunjo. Kuna mabati, nyaya za umeme, bodaboda na watoto. Nilimwuliza mtu anayerusha ndege kama hizo. Akaniambia injini ikizima ukiwa juu, bawa linakupa muda wa kuteremka polepole ukitafuta uwanja mtupu. Ukiwa chini, unatua juu ya chochote kilicho mbele yako. Na hata injini safi huzima.

Usimkatalie mbele ya watu. Kaeni wawili, umwulize kama fundi: "Ikizima juu ya Kakoba, utatua wapi?" Kisha nyamaza, mwache atafute jibu. Akielewa, aende na Hakim kwa Naboth aseme harushi. Naboth akikaidi, chukua mchungaji wa kanisa lenu, mwende kwa Daphine mwenyewe. Wageni ni wake.

*

Wasomaji, jibu hilo nilimsomea Mama Parfait kwa simu kabla ya harusi. Alimwuliza mumewe swali lile, na kesho yake Anselme akamwambia, "Nimetafuta fasi ya kutua, sikuiona." Akaenda na Hakim. Naboth aliwafokea, lakini Daphine alisikia, akatoka nje akamwambia baba yake, "Taata, bibi yangu atakuwa amekaa pale. Sitaki." Maua yakamwagwa na wasichana, kwa mikono. Anselme amefukuzwa kazi.

Kwa hiyo, Mama Parfait, nina neno moja zaidi. Mumeo sasa yuko nyumbani na ni mnyonge. Usimkumbushe kwamba ulisema kweli, wala usiwaruhusu majirani wamcheke. Bodaboda za Nakivale zinaharibika kila siku. Mtafutie kivuli karibu na stendi, mpelekee vyombo vyake vya ufundi, aanze wiki hii.