Kamba ya Funguo ya Mama Nduku

Jumatatu, 3 Machi
Kufuli ya maktaba imegoma tena. Betri. Nimepanda ngazi mara nne na miguu inauma. Kufuli zisizo na waya jengo zima, zote zinategemea Wi-Fi ya chuo, na fundi ni mimi tu. Mkuu wa chuo anazionyesha wageni kama gari jipya.

Mama Nduku, msafishaji wetu, hazipendi. Mwezi jana mimi ndiye niliyemvua kamba ya funguo shingoni, nikampa kadi ya kufungulia. Akaniuliza, "Sasa Ciru, network ikipotea nitatoka aje?" Nilicheka.

Ijumaa, 7 Machi
Wanafunzi wamesambaza nywila ya Wi-Fi. Hata kinyozi wa ng'ambo ya barabara anatazama mpira kwa mtandao wetu. Mkuu amefoka. Saa kumi na moja nimeibadilisha, nikarudi zangu nyumbani, Satellite. Kazi safi. Kesho saluni.

Jumamosi, 8 Machi
Nilisahau kufuli. Zinatumia nywila ile ile ya zamani kupata mtandao. Sikuipa hata moja nywila mpya.

Stoo ya kemikali iliachwa wazi jana. Asubuhi Mama Nduku aliingia kusugua sakafu, mlango ukajifunga nyuma yake. Kutoka pia ni kwa kadi. Mkuu alitaka hivyo baada ya spiriti kuibwa, na mimi ndiye niliyeweka. Pampu yake ya pumu ilikuwa kwenye mkoba, nje, koridoni.

Funguo za zamani bado zingefungua. Ziko kwenye droo yangu, na ofisi yangu nayo ilikuwa imejifunga. Mlinzi alinipigia mara sita. Nilikuwa chini ya draya ya saluni, sikusikia. Wamevunja mlango kwa mtaimbo. Yuko hospitalini, hazungumzi.

Jumatatu, 10 Machi
Amefariki.

Mkuu anataka ripoti. "Andika ni betri, Ciru. Usijiharibie kazi." Nimeandika betri. Sijatia sahihi.

Kisha nikasoma kumbukumbu ya kufuli ile. Aligusisha kadi mara arobaini na moja. Najichukia.

Jumatano, 12 Machi
Nduku, bintiye, alikuja kuchukua mkoba na malapa ya mamake. Aliuliza kitu kimoja tu: mamake alijaribu kutoka? Nilimwambia yote, hata saluni. Hakulia. Aliketi kwenye kiti changu, malapa mapajani.

Nimechana ripoti ya betri. Mpya inasema nywila niliibadilisha mimi, kufuli nikazisahau mimi. Nimetia sahihi na kuambatisha kumbukumbu. Mkuu ameipokea bila kuniangalia.

Alhamisi, 20 Machi
Barua imekuja. Leo ni siku yangu ya mwisho. Nilidhani nitaogopa zaidi.

Nimemaliza kung'oa kufuli zote za kadi; milango imebaki na funguo. Droo nimeisafisha. Kila ufunguo kwenye kamba una kipande cha plasta, na mwandiko wa Mama Nduku kwa kalamu ya bluu. STOO umefifia kuliko yote.

Nimempelekea msafishaji mpya kamba hiyo, nikamvalisha shingoni mwenyewe. Nikamwambia asikubali mtu amvue.