Pancha Tatu za Kaka

Kaka yangu mpendwa,

Hatujambo. Goti la mama limepona, sasa anatugombeza akiwa amesimama.

Kama ujuavyo, hapa getini naandika saa lori linapoingia hifadhini na linapotoka. Madereva wenzako huvuka vile vilima vya msitu kwa saa moja. Wewe, mara tatu sasa, umetumia mbili, na kila mara nimeandika kwamba ulipata pancha. Tairi zako nimeziona, mpya kabisa.

Jana kando ya barabara wamekutwa tembo wawili waliokatwa pembe. Yule askari wa wanyamapori anayeninywea chai aliwafuata wauaji. Hajarudi.

Alhamisi zamu ni yangu. Ukipita, nitaandika saa niliyoiona, bila pancha.

Mdogo wako akupendaye,
Kitinda mimba