Picha ya Nafula Uliyoomba

Mpendwa kaka Wandera, mjomba wa Nafula,

Huku Busia tu wazima. Nafula anaota meno, anatafuna kila kitu, hata kola ya baba yake. Baba yetu anakohoa kidogo lakini kanisani haachi kwenda, na kila Jumapili anakaa pale mlangoni mpaka mtu amuulize habari zako, ili apate kulitaja neno Amerika. Nimeanza na hayo kwa sababu yanayofuata hayatakufurahisha.

Uliandika kwamba chuoni kwenu kuna mjadala juu ya ile bendera nyekundu yenye msalaba wa buluu na nyota. Wanafunzi weusi, wale wachache waliopokelewa, wanataka ishushwe. Weupe wanasema ni ya babu zao, ni ya Kusini, haina chuki na mtu. Na hao weupe ndio wamekuomba upande jukwaani useme kwamba wewe ni Mwafrika wa kweli na bendera hiyo haikuudhi. Ukaniomba picha, Nafula akiwa mgongoni kwangu ndani ya kile kitambaa ulichotutumia, ili waone kwamba hata kwetu tunaipenda.

Kaka, tulikipenda kweli. Hatukujua ni bendera. Kilikuwa kizito, hakichuji rangi, na mama mkwe aliwaambia wanawake wote kisimani kwamba nyota zile ni za Krismasi.

Basi nikaenda Tororo, studio ya yule Mhindi. "Geuka mama, toto ionekane," akaniambia, akapiga. Kwenye benchi alikuwa ameketi mwanamke mweusi kama sisi, anangoja zamu yake. Nilidhani ni Muganda, mpaka alipofungua mdomo nikasikia Kiswahili cha kitabuni.

"Samahani, dada. Kitambaa hicho umekipata wapi?"

"Imetoka Amerika," nikamwambia kwa Kiswahili changu cha sokoni, tena kwa maringo. "Ndugu yangu iko huko, nasoma chuo."

"Alikwambia ni cha nini?"

"Ni ya watu wa Kusini. Wanapenda kwao tu. Haina ubaya."

Akainuka kwenye benchi. Mhindi naye akaacha kushughulika na kamera yake.

"Mimi pia ni wa Kusini hiyo ya Amerika," yule mwanamke akasema. "Mama yangu amezikwa huko, na mama yake pia. Bendera hiyo ilibebwa vitani na waliotaka bibi zetu wabaki watumwa. Siku ya kwanza nilipokwenda chuo, wanafunzi walijipanga njiani wakipunga bendera hiyo ili nisipite. Vijana wa umri wangu. Walikuwa wakicheka. Sasa niambie, dada, hiyo Kusini yao ni ipi, ambayo mimi simo?"

"Kitambaa tu hiyo, mwalimu," Mhindi akajaribu kupoza mambo. Kumbe anafundisha chuo cha walimu, wanafahamiana.

"Kwako," akamjibu.

Mimi hakunigombeza. Alimshika Nafula kidole, akaniuliza anaitwa nani, akalirudia jina mpaka likamkaa mdomoni. Nilimfungua mtoto, nikampakata mpaka nyumbani.

Tangu siku hiyo nakuona ukiwa mdogo, kule kwenye kiwanda cha pamba, mama alipokuwa akifua nguo za memsahib, yule mama wa Kizungu. Memsahib alikupenda. Alikuketisha barazani na biskuti, akawaambia wageni wake, "Huyu si kama wengine." Ulikula huku miguu inaning'inia. Mimi na mama tulikuwa nyuma ya jikoni, maana barazani sisi hatukuruhusiwa. Mama akaja na mapovu mikononi, akasimama chini ya ngazi, akakwambia kwa lugha yetu, polepole, "Shuka, tuketi wote." Ulilia njia nzima. Ulimwambia ana wivu. Naye akasema tu, "Miaka yote namfulia, hajui jina langu."

Sasa umeandika, "Wananitendea vizuri, hawanihesabu pamoja na weusi wa hapa." Umeiandika kama habari njema. Nimeisoma mara nyingi, na kila mara naiona ile miguu.

Sisemi mtu asipende kwao. Nyumba ya bibi iko ng'ambo ya mpaka, makaburi yetu yako huku, na siku hizi katikati kuna bendera mbili mpya na askari. Uliondoka kabla hujayaona. Askari mmoja alimuuliza bibi, "Mama, wewe wa wapi?" Bibi akamwambia, "Wa hapa. Wewe ndiye umekuja." Watu walicheka mpaka askari mwenyewe akacheka. Bibi anapenda kwao kuliko mtu yeyote ninayemjua, na sijamwona akimzibia mtu njia.

Baba amekasirika. Alinikuta nimekunja kile kitambaa nimekiweka chini ya kitanda.

"Kaka yako ameomba picha tu," akasema. "Hao watu ndio wanaomlisha. Unataka arudi na sanduku tupu?"

"Baba, na wale wanaotaka ishushwe nao wana baba zao."

"Kumbe kuolewa kumekuongezea mdomo."

Hatujaongea tena. Uji nampelekea, anaupokea bila kunitazama. Na anaweza kuwa na haki, kaka. Ukikataa, labda watakuchukia, labda watakufukuza, na mimi niliyeishia darasa la sita sitakuwa na la kukusaidia. Usiku nikimnyonyesha Nafula nakuwaza wewe, peke yako kati yao, nami natikisa tawi ulilokalia. Naogopa. Lakini sijaona jinsi ya kufanya vingine.

Matumaini yangu ni kwamba utawaambia hapana, kwa adabu yako ile ile, halafu uende ukaketi na hao weusi wachache. Huenda wanakuona unaringa. Huenda wanangoja uanze wewe. Ulikuwa hodari wa kupata rafiki, hata walimu wakali ulikuwa unawachekesha. Najua bado unaweza.

Picha sitaituma. Ukiamua kupanda jukwaani hata hivyo, sema lako, mdomo unao na masomo unayo. Ila Nafula usimsemee. Hata kuomba maji hajui bado, na neno lake la kwanza sitaki lisemwe na mtu mwingine mbele ya watu wale. Akianza kuongea atakwambia mwenyewe anachopenda na asichopenda, na kwa jinsi ninavyomwona akinikatalia uji, hatakuficha.

Ukikasirika, niandikie na hasira yako yote. Nitaisoma, nitakujibu, nitaendelea kuwa wako.

Dada yako,
Mama Nafula