Chumba cha Katikati ya Meli

Faduma mjukuu wangu,

Salaam aleikum. Nimepanda lori la Kulamawe kumwona ndugu yetu Raho, amejifungua mtoto wa kike. Nitarudi kesho. Chai iko kwenye thamosi. Mlango wa jikoni ufunge, mbuzi wa jirani hana adabu.

Sasa ile safari ya meli ya watu wawili uliyozawadiwa na hoteli unakofanya kazi, mimi na wewe. Leo kabla posta haijafungwa uende ukapige simu huko, useme tumechagua chumba gani na njia gani. ~~Waambie bibi yako haendi.~~ Hapana, hiyo nimekata. Tunaenda.

Asubuhi nilikasirika. Uliponionyesha chumba cha chini, katikati ya meli, hakina dirisha, nilisema unanifungia kabatini kama sufuria kuukuu. Ukaenda kazini. Nikakaa na hiyo picha ya meli mpaka nikakumbuka: tulipohama na ngamia, ni mimi niliyekuwa nakufunga katikati ya mikeka, pale mzigo hauyumbi sana, usitapike. Ulikuwa mdogo mno. Kumbe hukusahau, na hukujisifu hata kidogo.

Umenichagulia vizuri, mama. Lakini najua ile safari fupi ya Lamu na Unguja umeichukua kwa ajili ya mifupa yangu, na macho yako yako Shelisheli. Basi mahali pa kulala umechagua wewe, njia nachagua mimi. Sema ile ndefu ya Shelisheli.

Na nikitapika, sasa ni zamu yako kunipangusa mdomo.

Ayeeyo, bibi yako