Jiwe Jekundu la Ngazi ya Tatu

4 Februari

Binti yangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi sijambo, ila uzee unabisha hodi na mimi najifanya sisikii.

Najua umenikasirikia. Siku ya kumzika mama yako nilikuwa chini ya ardhi natoboa mwamba, na nilipofika nyumbani udongo wa kaburi ulikuwa umeshakauka. Miaka minane hujaniandikia, wala hujaniomba hata sindano. Sikulaumu.

Nakuandikia kwa ajili ya jiwe. Mgodi wetu ni manganizi tupu: mwamba mweusi, vumbi jeusi, hata makohozi meusi. Wiki iliyopita tulilipua mwamba kwenye ngazi ya tatu chini ya ardhi, ukafunguka ufa, na ndani yake nikaona kitu chekundu kama ufizi wa mtoto mchanga. Nikakukumbuka wewe na maabara yenu ya mawe. Nimelikwangua uchafu wote mweusi, nikalisugua kwa mswaki, nikalianika dirishani siku nne lipendeze. Zawadi haipelekwi na tope.

Baba yako

23 Februari

Baba,

Shikamoo. Mimi sijambo.

Kifurushi kimefika, lakini jiwe ni la kahawia. Nilipolikata, wekundu ulikuwa umebaki katikati tu. Ni madini adimu sana: manganizi na silika, chokaa kidogo, na maji yaliyofungiwa ndani. Jina lake la kitaalamu ukilitaja utavunja taya. Huota kwenye nyufa za miamba kama hiyo yenu, sindano kwa sindano, zimekusanyika kama ufagio, na sehemu linapopatikana duniani ni za kuhesabika. Ni gumu, linakwaruza kioo, ila mwanga ndio adui yake. Ukiliacha juani rangi inakufa na hairudi. Halafu ule uchafu ulioukwangua ndio mwamba mama. Huo ndio ungetuonyesha jiwe lilizaliwaje.

Mkuu wa maabara alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilikuona umeinama na mswaki wako.

Nakuomba lingine, Baba, likiwa bado limeng'ang'ania mwamba wake. Lifunge kwenye kitambaa cheusi, na uniandikie ulilitoa sehemu gani hasa. Kwenye daftari letu nitaandika kwamba aliyeligundua ni wewe.

Binti yako

22 Machi

Binti yangu,

U hali gani? Barua yako nimeisoma mara sita. Ya saba nikasomewa na mtunza taa, yule anayetugawia taa za kichwani, maana nilitaka kuisikia kwa sauti. Kumbe nilitupa la maana nikakutumia maganda!

Usiwe na wasiwasi, jiwe utapata. Ufa umefunikwa na kifusi, nami naufukua taratibu kila nikimaliza zamu, kwa nyundo na patasi. Sitaki baruti iuguse.

Huku ni vichekesho. Nikipiga hatua kurudi nyuma naanguka. Nikienda mbele natembea kwa ncha za vidole, viwiko nje, na wenzangu wameniita Jogoo. Nimewaambia wamwamkie mwenye boma. Mwandiko usikushangaze, nabana karatasi.

Baba yako

9 Aprili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Leo hali yako siiulizi kwa mazoea.

Nimeziweka barua zako mbili chini ya lenzi. Ya Februari herufi ni ndogo lakini zinasomeka. Ya Machi kila mstari unaanza kama punje za mtama na kuishia kama mchanga. Hapa rafuni tuna kitabu cha magonjwa ya migodini. Kinasema vumbi la manganizi likivutwa miaka mingi linaingia kwenye ubongo. Mwandiko unasinyaa, mtu anaanguka akirudi nyuma, anatembea kama jogoo. Wameandika hivyo hivyo, jogoo. Nilitoka nje nikalia.

Acha kazi leo hii. Jiwe silitaki tena. Hasira yangu imekwisha, na sijui hata ilikwisha lini. Njoo ukae kwangu, chumba kipo, kitanda nimeshatandika. Nijibu upesi.

Binti yako

17 Mei

Baba,

Shikamoo. Wiki tano sasa, kimya. Ofisi ya mgodi nayo haijibu. Kama umenichukia, niandikie hilo hilo nijue.

Binti yako

2 Juni

Binti yangu,

Anayeshika kalamu ni mtunza taa. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kunirekebisha.

Sikukuchukia hata kidogo. Kimya ni cha mikono. Kijiko kinafika sikioni kabla ya mdomoni. Watu wanadhani nimenuna, kumbe uso ndio umegoma kucheka.

Jiwe nililipata wiki ile ile barua yako ya kunikataza iliponifikia. Liko kwenye sanduku hili, jekundu kabisa, na mwamba wake. Lilitoka ngazi ya tatu, ukuta wa kushoto, hatua arobaini kutoka kwenye lifti, usawa wa goti.

Kuna neno nilikuficha. Daktari wa mgodi alinipima tarehe mbili Machi. Alisema vumbi limeshapanda kichwani, nisishuke tena hata siku moja. Nikafunga begi. Siku mbili baadaye ikaja barua yako ya kuomba jiwe. Nikafungua begi, nikamwambia msimamizi kwamba daktari amechanganya majina, nikarudi chini.

Usijilaumu. Wewe hukujua, mimi nilijua. Miaka minane hukuniomba kitu, mwanangu, halafu ukaniomba. Ningekujibu nini, kwamba siwezi?

(Mimi mtunza taa. Ameishia hapo. Nilitaka kumwandikia jina, akasema sahihi ataweka mwenyewe. Tumejaribu tangu asubuhi, na posta inakaribia kufungwa, kwa hiyo naituma hivi hivi.)