Injini ya Baba Yako Si Geti

Gereji, nyuma ya kiwanda cha mbao,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa binti yangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Hujambo? Kazi ya uuguzi inakwendaje, na ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umepona? Mimi ni mzima kabisa. Hata jana nilibeba giaboksi begani kutoka barabarani mpaka ndani, watu waliokuja kununua mbao wakaacha kununua wakawa wananitazama mimi. Mama yako hajambo. Baba yako mwili wake haujambo, hayo mengine nitakueleza.

Baada ya salamu, nimekasirika. Nimetanguliza salamu kwa sababu nililelewa vizuri, lakini tangu nishike kalamu hii nimeshatoboa karatasi mbili.

Mjomba wako ameniambia kwa mdomo wake kwamba alikupigia simu kukuuliza injini ya gari la baba yako ipakwe rangi gani, nawe ukamjibu, "Yoyote tu mjomba, ilimradi iwake." Yoyote! Binti yangu, wewe unavaa nyeupe kila siku ya Mungu. Wakikwambia kesho uingie wodini na gauni la zambarau lenye maua, ilimradi unatembea, utakubali?

Ngoja nikueleze ulichofanya, maana ninyi mlio mbali mnaona gari ni gari tu.

Unajua baba yako anavyosahau. Sasa imefika mahali ananiita "bwana mgeni". Mimi! Mdogo wake tuliyelala kitanda kimoja, akinivutia shuka lote! Nikiingia anainuka, ananipa kiti, ananiuliza nimetokea wapi na kama nimesafiri salama. Adabu tupu, na adabu hiyo ndiyo inayoniua. Nikaapa: haya, sisi ametusahau, lakini gari lake atalikumbuka. Nikalitoa kwenye turubai, nikaishusha injini hapa gereji, hatua chache kutoka mlango wake.

Ilikuwa imekufa. Sisemi inaumwa, nasema imekufa. Pistoni zimegandana na silinda kama zimechomelewa. Mafundi wawili walikuja kuitazama, wakavua kofia. Mimi nilibaki nayo peke yangu nikaisemesha. Shule niliiacha darasa la tano, au yenyewe iliniacha, tusigombane juu ya hilo, lakini hakuna injini iliyowahi kuniuliza cheti. Niliwahi kuwasha lori la magogo kwa kupuliza kabureta kwa mdomo huu huu, likaondoka kabla dereva hajapanda, tukalifukuza mpaka mtoni. Kuna shahidi, ila alihama.

Nikatoboa silinda upya, nikanoa valvu, nikaweka ringi mpya, nikasugua bloku mpaka chuma kitupu, nikaipaka praima, ile rangi ya chini. Ikabaki rangi yenyewe. Injini ile ilitoka kiwandani na kijani chake, tena si kijani cha majani. Ni kile kilichopoa, chenye kijivu ndani yake, kama jani la kando ya barabara ya vumbi. Wewe ulikuwa mdogo lakini lazima unakumbuka: kila Jumamosi baba yako alifungua boneti akaifuta injini kwa fulana kuukuu. Wenzake walifuta milango ili waonekane. Yeye alifuta injini, kisha akafunga boneti, akaenda kuoga.

Basi nikasafiri kutafuta vipuri vya kabureta. Nikaaga mbele za watu: asiguse mtu. Niliporudi nikakuta injini inang'aa kama sufuria mpya. Rangi ya fedha! Ile ile mjomba wako anayopaka mageti. Kapaka bloku, kapaka nyaya, plagi nilizokuwa nimezifunika kwa karatasi kazifunua akazipaka, kapaka na kijiti cha kupimia oili. Nzi angetua pale angepakwa naye.

"Shemeji," nikamwambia, "hii ni nini?"

"Usafi huo, shemeji. Sema asante."

"Injini si geti!"

"Geti linanyeshewa na kupigwa jua na halilalamiki. Injini yako imefunikwa boneti, inaogopa nini?"

"Inakuogopa wewe!"

Hapo ndipo akatoa simu kama mtu anayetoa hati ya mahakama, akasema binti mwenye baba karuhusu. Nikanyanyua nyundo. Mama yako akatoka jikoni akasema, "Baba mdogo, rangi haisukumi gari. Liwashe tu, mzee ameanza kuuliza kelele za nini." Kwa kumheshimu yeye nikaiweka nyundo chini, nikaipandisha injini ikiwa na fedha yake.

Nikawasha. Binti yangu, ule mlio! Hata msumeno wa kiwandani ulinyamaza, ingawa wao wanasema umeme ulikatika. Na baba yako akatoka. Alitoka mwenyewe, hakuna aliyemshika, pekupeku, mkono mmoja bado una kikombe cha chai. Anatabasamu. Mama yako akaniminya mkono mpaka saa yangu ikafunguka. Baba yako akapita mbele yetu sote, akashika boneti pale pale penye kilimi cha kulifungulia bila kupapasa, akafungua.

Akatazama ndani. Rangi ya geti ilikuwa imeanza kutoa moshi na kuvimba malengelenge. Tabasamu likamtoka usoni. Akafunga boneti polepole, akanigeukia, akainamisha kichwa. "Samahani sana, bwana," akasema. "Nilidhani ni langu."

Akarudi ndani. Anaomba radhi kwa kugusa gari lake mwenyewe! Mama yako alikwenda akasimama nyuma ya nguo zilizoanikwa, na hakuwa anaanua nguo.

Sasa niambie, "yoyote tu" yako niiweke wapi?

Nilimrukia mjomba wako. Wanaosema nilimkosa hawakusimama mahali pazuri. Kisha nikaishusha injini tena, nikaivua fedha yote kwa tina ya kuyeyushia rangi na brashi ya waya, na yeye nikampa brashi ya pili asugue kimya. Alisugua, ila kimya kilimshinda.

Ikaja kazi ya kuipata ile rangi. Nilichanganya mwenyewe kwa kichwa, maana rangi ile naijua. Ikatoka kama ukuta wa zahanati. Taa ya gereji ilinidanganya. Ni taa mbovu ile, nimeshaivunja. Ndipo nikakiona kile kibati chenye namba ya injini, kilichopigiliwa kwa ribiti kwenye bloku tangu kiwandani. Nikakibandua taratibu kama mtu anayetoa mwiba kwenye mguu wa mtoto. Nyuma yake pamegandia rangi yenyewe, ukubwa wa ukucha, haijaona oili, haijamwona mjomba wako.

Nikakipeleka kwa mama mmoja muuza rangi. Nikamweleza nijuavyo habari za rangi, kwa urefu. Akaniambia, "Baba, unanizibia mwanga." Akawa anachanganya, anapaka kwenye kipande cha bati, anasubiri kikauke, anakipasha moto juu ya jiko, kwa sababu rangi ikiwa mbichi inakuwa na sura nyingine, na injini ni kitu cha moto. Mara ya kwanza akaikataa mwenyewe, na ya pili. Ya tatu akaweka kibati changu juu ya bati lake, ile rangi ya nyuma ikapotea, usione imeishia wapi. Nikatoka nje kidogo. Kulikuwa na vumbi.

Nikapaka mimi, tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba. Mjomba wako kazi yake ilikuwa kushika karatasi ya kufunikia na kutopumua.

Jana nikawasha tena. Baba yako akatoka, safari hii na viatu. Akafungua boneti. Akainama juu ya injini. Akavuta mkono wa shati lake, akaifuta injini mahali pasipo na uchafu wowote. Halafu akageuka akaniangalia, binti yangu, kwa yale macho niliyoyakimbia utoto wangu mzima.

"Wewe mtoto! Nani kakuruhusu kufungua gari langu? Na spana yangu ya kumi na tatu umeipeleka wapi, mwizi mkubwa wewe?"

Mimi na mvi zangu nikasema, "Sijaichukua, kaka."

"Muongo! Tangu lini ukasema kweli?" Kisha akamwambia mama yako, "Mpe huyu chakula kwanza, nitamchapa akishashiba."

Mjomba wako alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka, nilikuwa natafuta spana. Sijawahi kutukanwa vizuri namna ile.

Lakini jioni nilipokwenda kuaga akainuka, akanipa mkono, akaniambia karibu tena bwana mgeni.

Kwa hiyo hasira yangu haijaisha, na dawa yake unayo wewe. Omba likizo. Ukifika usipitie sebuleni, atakupa kiti na kukuuliza umetokea wapi, na hutaweza kuvumilia. Njoo moja kwa moja gereji. Nitawasha, nitafungua boneti, nawe usimame upande wa taa ya kulia ya gari, pale ulipokuwa ukisimama kumshikia fulana. Akutukane na wewe.

Msalimie mumeo na wajukuu zangu. Mama yako anakusalimu sana. Mjomba wako naye anakusalimu, ingawa sikumruhusu. Mungu akulinde barabarani na akulainishie moyo wa bosi wako.

Ni mimi baba yako mdogo, nikupendaye hata nikiwa na hasira hizi.