Jina Safi la Kinsley

Mtaa wa Persimmon,
Pine Bluff, Arkansas.
9 Novemba 2021

Mpendwa Mama mdogo Verlene,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Baba mdogo Russell, na kwamba hiyo baridi ya Alaska bado haijawashinda. Mguu unaendeleaje? Niliona picha ulizomtumia binamu Dwight, nikafurahi kukuona umesimama bila fimbo. Huku sisi ni wazima wa mwili. Mama anasumbuliwa na presha lakini anameza dawa zake. Binti yangu Kinsley ametimiza miaka minne, anaimba kwaya ya watoto kwa sauti ya mbuzi, Mungu ambariki.

Najua utashangaa kupata barua yangu. Mara ya mwisho uliniona nikiwa na miaka mitano. Lakini katika ukoo huu mzima ni wewe peke yako unayeweza kunijibu, na maji yamenifika shingoni.

Jengo tunalopanga limeuzwa. Mwisho wa mwezi huu tunatakiwa tuwe nje, mimi, Mama na mtoto. Nimetafuta nyumba kila upande wa mji. Kila mwenye nyumba akishachungulia ripoti yangu ya mikopo, ile inayoonyesha madeni ambayo mtu hakulipa, sauti yake inabadilika. Mmoja, mzee mpole kabisa, aliniambia, "Binti, una miaka ishirini na mitatu tu. Umewezaje kujiharibia mapema hivi?" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Sikujiharibia mimi. Nadhani umeshaelewa. Umeme na gesi ya nyumba yetu viliandikwa kwa jina langu nikiwa na miaka tisa, maana jina la Mama lilikuwa limeshachoka kwa madeni. Nilipokwenda Little Rock kusoma, Mama akaachishwa kazi, bili zikalala, umeme ukakatwa, deni likabaki na jina langu. Simlaumu sana. Mtaani kwetu watoto wote walikuwa na bili. Shuleni tulikuwa tunataniana: mimi nina umeme, wewe una maji, Terrence ana simu. Tukicheka kweli kweli.

Kwanza nilimwendea kijana mmoja anayejitangaza kwamba anafuta mabaya yote kwenye ripoti. "Dada, wewe lipa tu, mimi nitaing'arisha kama sahani." Nikalipa. Sahani sijaiona, na yeye sijamwona tena.

Ndipo nikaenda kwa Bi. Hargrove, wakili anayesaidia watu bure pale maktaba. Huyo hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema, "Kilicho kweli hakifutiki, hata ulie. Kitakaa miaka yake saba. Kisicho kweli kinafutika. Sasa niambie, hili deni ni la kweli au la uongo?" Ningejibu nini? Umeme ule ulitumika. Ndio niliosomea nilipokuja likizo, ndio uliopika chakula nilichokula. Deni ni la kweli, Mama mdogo. Jina ndilo la uongo.

Anasema njia ipo, na ni nyoofu. Niende polisi niandikishe kwamba jina langu liliibwa nikiwa mtoto, niape, na wakiniuliza kama namjua aliyeliiba, nimtaje. Nikisema simjui, nimeapa uongo. Nikimtaja, nimemmaliza. Mama sasa anapika kwenye shule ya msingi, na mwenye kesi ya wizi hawamwachi karibu na watoto wa watu. Na kanisani, ambako akina mama wamempa kutunza mfuko wao, ataingia na uso gani? Nilitoka pale nikakaa ndani ya gari, nikalia mpaka vioo vikaingia ukungu.

Nilikuwa nimeamua ninyamaze, nivumilie hiyo miaka iliyobaki. Kisha Jumapili, baada ya ibada, Mama akiwa anakaanga kambare, nikamwambia nimempata mtu wa White Hall mwenye nyumba ndogo, yeye hajali ripoti. Shida ni umeme: lazima mpangaji auombe mwenyewe, na kwa deni lile hawatanipa.

Hakugeuza hata kichwa. "Si tuweke kwa Kinsley? Kinsley ana jina safi."

Alisema kwa upole tu, kama anayenikumbusha kwamba chumvi iko kabatini. Na mimi, Mungu anisamehe, sikukataa. Nilikaa nikaifikiria mpaka samaki wakaiva. Kinsley mwenyewe alikuwa chini ya meza, anamvalisha mwanasesere soksi yangu. Tangu siku hiyo najiogopa.

Hapo ndipo nilipokukumbuka wewe. Hatukuwahi kuelezwa vizuri, lakini mtoto husikia. Tulijua kwamba Bibi alitumia jina lako, ukaenda kumripoti polisi, jina likasafishwa, na hukurudi tena, hata alipokufa. Hapa wanakuita yule aliyemshtaki mama yake. Sikuandikii nikuhukumu. Nauliza kwa sababu nimesimama mlangoni ulipopita wewe. Ulipokwisha kusaini, ulilala usingizi? Bibi aliwahi kukupigia simu? Sikukuu ya Shukrani ya mwaka ule, kila mtu akiwa mezani kwa mama yake, ulikula kwa nani?

Nisalimie Baba mdogo Russell, na binamu zangu Corwin na Annetta ambao siwajui kwa sura. Dwight anakusalimu. Shangazi Pearl naye anakusalimu, ila amesema nisiseme.

Nilikuwa nataka kufunga bahasha, Mama akaingia kutoka kazini akaliona jina lako. Nilidhani atafoka. Amekaa, amevua kofia ya jikoni, ameisoma barua yote, hata pale nilipomsema. Kisha akasema, "Muulize Verlene kama anajuta. Akisema hajuti, nitakupeleka polisi mimi mwenyewe, nitaendesha gari mimi."

Nikamuuliza, na akisema anajuta je?

Amenyanyuka, ameenda kumvua Kinsley viatu.

Mungu akufunike huko uliko, akupe maneno. Usiniandikie la kunifariji, Mama mdogo. Niandikie lililo kweli, na uwahi.

Wako akupendaye, mtoto wa dada yako,
Shantrice